Jogoo wa Mikelenge

Mikelenge ni komini ya mji wa Kindu, mkoani Maniema. Iko ukingo wa kushoto wa mto Lualaba, jirani na komini ya Kasuku, ikitazamana na komini ya Alunguli ng'ambo, na Kindu yenyewe ilikua kwa ajili ya reli na bandari tangu enzi za Wabelgiji. Kwa hiyo zamani mlio wa mbuzi ndani ya parseli ulionekana kuwa kitu kilichopotea njia. Mji ulitakiwa kuwa na honi ya treni na kengele ya shule. Jogoo na bata walihesabiwa kuwa mabaki ya kijiji. Leo milio hiyo hiyo inapendwa, na mimi ni mmoja wa wanaoipenda. Wanyama hawajabadili sauti. Kilichotubadilisha masikio, naamini, ni kimya cha vita.

Oktoba 1998 Kindu iliangukia mikononi mwa waasi wa RCD, na miaka iliyofuata, hasa 2002, wapiganaji wa Mai-Mai waliubana mji hata kwenda shamba kukawa kuhatarisha maisha. Katika hali hiyo mifugo haidumu. Mnyama anayelia hujitangaza kwa mwenye bunduki, na jogoo akiwika keshaonyesha ni ua gani wa kuvamia. Wengine waliporwa, wengine walichinjwa mapema kabla ya kuporwa, na mitaa ikanyamaza. Milio iliporudi kidogo kidogo baada ya mapatano yaliyotiwa saini Pretoria mwishoni mwa 2002, ilirudi na uzito mpya. Mbuzi jike hubeba mimba miezi mitano. Hamfugi mtu asiyejua wiki ijayo atalala wapi. Mbuzi anapolia nyuma ya nyumba, jirani anasikia kwamba humo ndani kuna watu waliopanga kubaki. Tena ndiye akiba yao: huuzwa ada ya sekondari ikidaiwa au mgonjwa akihitaji dawa.

Wapo wanaosema kelele ni kelele, na jogoo huanza kabla hata hakujapambazuka. Ni kweli, wala si kosa lake. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha kwamba jogoo anayo saa ndani ya mwili inayomwamsha kuwika hata asipoona mwanga. Kindu, kwa kuwa karibu na ikweta, jua huchomoza karibu saa ile ile mwaka mzima, na kwa nyumba nyingi zisizo na umeme saa hiyo ya jogoo ni msaada wa kweli. Waislamu wa Maniema, ambao si wachache, wanayo pia mafundisho ya Mtume ya kumwomba Mungu fadhila zake wasikiapo jogoo. Hata Ufaransa, ambako majirani walimshtaki mwenye jogoo aitwaye Maurice, mahakama ilimpa mwenye jogoo haki mwaka 2019, na mwaka 2021 ikapitishwa sheria ya kulinda sauti na harufu za mashambani. Sheria hiyo, hata hivyo, inahusu vijiji, nami sitaki kuitumia kupita kiasi.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la usafi na ugomvi. Mbuzi aliyeachwa huru humaliza sombe ya jirani, na kinyesi kikiachwa huleta nzi. Hapo walalamikaji wana haki kabisa, na anayependa milio hii lazima akubali kamba, banda na fagio. Lakini hayo ni madai juu ya namna ya kufuga. Hayatoshi kuwafukuza wanyama mjini. Kinachonitia hofu zaidi ni kideri, ugonjwa unaoweza kuua karibu kuku wote wa mtaa kwa siku chache. Chanjo yake hutolewa kwa tone la jichoni, na ipo aina inayostahimili joto kuliko nyingine, jambo kubwa pasipo na friji. Kazi iliyobaki ni ya majirani wenyewe, kukubaliana siku moja ya kuchanja kuku wote, maana parseli moja ikiachwa ugonjwa hupata pa kuanzia.