Karani, Fimbo na Mtoto wa Mbwa

Watu wengi wakaao katika miteremko ya Mlima Kenya, kutoka Meru mpaka Embu, hufuga mbwa kwa sababu moja tu, nayo ni wezi. Mwenye ng'ombe wa maziwa huogopa kuamka asubuhi akute zizi ni tupu. Mwenye kahawa, miraa au makadamia huogopa kwamba mwingine atavuna kabla yake. Kwa hiyo mtu akisikia kuwa jirani amepata mbwa mkubwa wa Kijerumani, yule mwenye masikio yaliyosimama ambaye hata polisi humtumia, naye hutamani kupata wa kwake. Wala si vibaya kutamani. Lakini yafaa kukumbuka ya kwamba mnunuzi humfikiria mbwa wa mwakani, na anayeletwa nyumbani ni mtoto wa leo. Hapo ndipo shida huanza, kama ilivyomwanzia karani mmoja wa serikali afanyaye kazi mjini Embu.

Karani huyu ana shamba dogo nje ya mji, upande wa mlimani: mibuni kiasi, ng'ombe wawili, na nyumba ya mawe yenye sakafu ya saruji ambayo mkewe huipiga deki kila asubuhi. Jumamosi moja alipanda matatu mpaka Meru, akanunua mtoto wa mbwa dume wa wiki 8, akamtia katika sanduku la karatasi, akarudi naye. Barabara ile hupita Nkubu, Igoji na Chuka, hushuka katika mabonde ya mito ya Nithi na Thuci, kisha hupanda tena kwenda Runyenjes na Embu, nayo ina kona nyingi. Kabla ya kufika Chuka sanduku lilikuwa limelowa, na abiria wa jirani walikuwa wamehama viti vyao. Karani alicheka tu. Alijiambia ya kwamba mnyama ni mgeni, na akifika nyumbani atajua adabu.

Watoto walimwita Simba, kama mbwa wengi wa Kenya waitwavyo. Ulikuwa mwezi wa Julai, wakati ukungu ushukapo na baridi kuingia mpaka mifupani, kwa hiyo mke wa karani alikubali, kwa shingo upande, mgeni alale jikoni hata apate nguvu. Usiku wa kwanza alilia mpaka alfajiri. Asubuhi palikuwa na vidimbwi vitatu sakafuni, na jambo lingine baya zaidi karibu na mlango.

Karani alisoma katika shule ya misheni, akazoea ya kwamba kosa hulipwa. Alimshika Simba shingoni, akamsukuma pua katika uchafu, akampiga kwa fimbo. Alifanya hivyo siku ya pili na ya tatu. Siku ya nne sakafu ilikuwa kavu, akajisifu. Lakini mkewe alikuwa na pua. "Baba watoto," alisema, "hebu sogeza gunia lile la mahindi." Nyuma ya gunia palikuwa na uchafu wa siku mbili. Mbwa hakuwa amejifunza kwenda nje. Alikuwa amejifunza kwenda mahali ambapo mwenye fimbo haoni.

Jioni ya siku ya pili yake karani alirudi kazini amechoka, akakuta gunia lenyewe limelowa na mahindi ya chini yameanza kunuka. Akaichukua fimbo. Simba alijibanza pembeni, mkia tumboni. Mtoto wa karani, mwenye umri wa miaka 6, aliyempenda mbwa yule kuliko kitu chochote, alikimbia akamkumbatia ili asipigwe, na mnyama kwa hofu akauma kilichokuwa karibu naye. Ulikuwa mkono wa mtoto. Jeraha halikuwa kubwa: matundu mawili na damu kidogo.

Damu hiyo kidogo iliwanyima wazazi usingizi. Simba alikuwa hajapata chanjo ya kichaa cha mbwa, maana kwa kawaida hutolewa mbwa atimizapo miezi 3, wala hakuna aliyejua habari za mama yake. Na ugonjwa huu si hadithi. Uliandikwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1912, na haujaondoka. Mwaka 2014 serikali ilitangaza mpango wa kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na ugonjwa huo ifikapo 2030. Mtu akishaonyesha dalili zake, kupona ni karibu muhali. Lakini kabla ya dalili upo wakati wa kumwokoa, na wakati huo haufai kupotezwa kwa kubandika majani au kungoja kuona itakuwaje. Mama mzazi wa karani, nyanya yake mtoto, hakupiga kelele. Aliuosha mkono ule kwa sabuni na maji ya kumiminwa kwa dakika 15 kamili, huku karani akishika birika. Usiku ule ule mtoto akapelekwa hospitali, akapewa sindano ya kwanza na tarehe za nyingine, na tarehe zote zikafuatwa. Simba naye akatengwa na kutazamwa kwa siku 10, kwa kuwa mbwa ambaye mate yake yalikuwa na ugonjwa siku ya kuuma, huugua na kufa katika muda huo.

Siku zile 10 zilikuwa ndefu. Majirani walipita mmoja mmoja, nao walisema neno moja: mbwa aliyekwisha onja damu ya mtu auawe. Karani alikaribia kukubali. Alimwendea mama yake kutaka shauri, akamkuta anachambua maharagwe.

"Mwanangu," mama alisema, "wewe ulilowesha mkeka wangu miaka miwili. Nani alikupiga?"

"Mama, mimi nilikuwa mtoto."

"Na huyo je?"

Karani hakupata la kujibu. Lakini neno lililomchoma zaidi lilikuwa limesemwa kule hospitali. Tabibu alipomwuliza mtoto kwa nini mbwa alimwuma, alijibu bila chuki, kama mtu aelezaye jambo lililo wazi: "Alidhani mimi ni baba."

Simba hakuugua. Siku zilipotimia karani alimwita daktari wa mifugo, amtazame, ampe dawa ya minyoo, na kumchanja dhidi ya maradhi mengine yanayoua watoto wa mbwa upesi, hasa ule ugonjwa wa kuhara damu. Chanjo hizo hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikapo wiki 16, na ile ya kichaa ikapangiwa siku yake. Kisha karani, kwa haya kidogo, akauliza habari ya sakafu.

Daktari alieleza kwa ufupi. Mtoto wa mbwa wa miezi 2 au 3 hawezi kujizuia zaidi ya saa mbili au tatu, kwa kuwa kibofu chake ni kidogo. Hafanyi kwa ukaidi. Nyakati zake zajulikana: mara aamkapo, dakika chache baada ya kula, baada ya kucheza, na kabla ya kulala. Basi mwenye mbwa na awahi nyakati hizo. Ampeleke nje kwa mlango ule ule, mahali pale pale, asimame kimya mpaka amalize, kisha amsifu hapo hapo, asingoje kurudi ndani. Akimkuta ndiyo kwanza anaanza ndani, amwite kwa sauti ya kawaida na kumtoa. Lakini akikuta uchafu uliokwisha poa, achukue kitambaa, asafishe, anyamaze. Mbwa hawezi kuunganisha pigo la sasa na haja ya saa iliyopita. Ajualo ni kwamba bwana wake akija, maumivu huja naye. Mahali palipochafuliwa paoshwe kwa sabuni, kisha kwa siki iliyotiwa maji, ili harufu isimwite tena.

Kazi ikagawanywa. Mke alichukua alfajiri awashapo moto, nyanya akachukua mchana, mtoto akachukua jioni atokapo shule, na zamu ya usiku ikamwangukia karani. Hakuna kitu kimshushacho mtu mzima kiburi kama kusimama chini ya migomba saa nane za usiku, tochi mkononi, ukungu ukimlowesha kichwa, akimngoja mbwa afanye shauri lake. Lakini alisimama. Na mbwa alipomaliza, alijilazimisha kusema, "Vyema, Simba," akiangalia asisikiwe na majirani. Baada ya wiki tatu vidimbwi vilipungua. Alipotimiza miezi 5 Simba alikuwa akienda mlangoni mwenyewe na kukwaruza, na gunia la mahindi likarudi mahali pake.

Kujua mlango hakukuwa mwisho wa malezi, kwa sababu mbwa wa aina hii hakui kama mbwa wetu wa kawaida. Dume hufika kilo 30 mpaka 40. Akimrukia mgeni kifuani angali na kilo 7, watu hucheka. Akiwa na kilo 35 humwangusha mzee aliyekuja kuwajulia hali. Kwa hiyo mchezo usiofaa mwakani usichekewe leo. Kadhalika mifupa yake huendelea kukua kwa zaidi ya mwaka mmoja, wala haifai kumnenepesha upesi, kumkimbiza safari ndefu, kumrusha kutoka juu, au kumwongezea unga wa chokaa ya mifupa kwa kudhani utampa nguvu. Ukizidi huiharibu ile mifupa. Ugali mtupu haumtoshi. Apewe kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku, uliochanganywa na nyama, dagaa au mayai, bila vitunguu, na bila mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hupasuka na kuchoma matumbo.

Tena ipo desturi ya kumfunga mbwa mnyororo mchana kutwa tangu utoto wake na kumfungulia usiku, ati awe mkali. Kweli huwa mkali, lakini ukali wake hauna macho: humwuma mwizi, humwuma mchukuzi wa maziwa, na humwuma mtoto wa nyumbani. Mlinzi mzuri ni yule aliyeonyeshwa watu, mbuzi, kuku na kelele za pikipiki katika miezi yake ya kwanza, akajua lipi ni la kawaida; ndipo awezapo kujua lisilo la kawaida. Simba alijengewa kibanda chenye sakafu iliyoinuliwa juu ya ardhi na mlango usioelekea upepo, akahamia huko mvua za Oktoba zilipoanza, wala hakulia.

Jambo moja lilichelewa kuliko yote. Kwa miezi mingi baada ya fimbo kuachwa, Simba alipozisikia hatua za karani akirudi kutoka kazini, aliuingiza mkia tumboni na kwenda kusimama nyuma ya mtoto. Sakafu ilikuwa imesahau, mbwa hakusahau. Karani hakumlazimisha. Kila jioni alichuchumaa langoni, akanyoosha mkono wenye kipande cha ugali, akangoja. Na mara nyingi aliingia nyumbani na kipande chake mkononi. Ilikuwa karibu na mwisho wa mwaka ndipo Simba alipokuja, polepole, akala, akabaki. Mtoto aliyaona hayo kutoka barazani, na mkononi mwake alama mbili ndogo zilikuwa bado zaonekana.

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi, na neno hilo ni kweli kwa mbwa kama lilivyo kweli kwa watoto wa watu. Lakini kukunja si kuvunja. Atakaye mlinzi mkubwa wa kulinda ng'ombe na kahawa yake, na aweke akiba ya subira kabla ya kununua mnyororo, awe tayari kuamka usiku miezi michache, na tarehe za chanjo aziandike ukutani. Ile fimbo ya karani haikutupwa. Imesimikwa shambani, na maharagwe ya nyanya yamepanda juu yake.