Soksi za Bibi na Viporo Vingine vya Kipupwe

Jumapili, 1 Juni 2025. Njombe

Sakitu ya kwanza ya mwaka huu. Nyasi za bondeni zilikuwa nyeupe hadi jua lilipopanda, na kanisani watu walikaa kwa kubanana bila kuambiwa. Huu ndio msimu wangu. Baridi ikishika Njombe, hakuna anayekuuliza kwa nini unafuma.

Jioni nimemwaga kikapu cha milulu kitandani ili nione nilicho nacho kabla sijaanza kingine. Zimetoka kazi nne. Soksi moja ya kijivu, nzima, niliyoifuma kwa ajili ya kaka, haina mwenzake. Sweta la mtoto mchanga lililofika kwapani. Shali la uzi mwembamba, la tundutundu, limepita nusu. Na kitambaa cha meza cha krosheti alichokuwa akikifuma Mama, sindano yake bado imechomekwa kwenye kitanzi cha mwisho. Ya tano iko kichwani na inabisha hodi: soksi za Bibi.

Hapa nyumbani wanaviita viporo. Silikatai jina hilo. Kiporo si chakula kilichoharibika, ni chakula kilichongoja asubuhi, na wengi wetu tumekulia viporo vya makande tukaenda navyo shule.

Nimekiuliza kila kimoja: unasubiri nini? Sweta linasubiri mtoto. Nimeliacha kwapani makusudi, kwa sababu hapo ndipo ukubwa unapoamuliwa, na katika ukoo huu hakupiti muda mrefu bila mtoto kuzaliwa. Shali linasubiri mwanga mzuri na nyumba iliyonyamaza. Kitambaa cha Mama kinanisubiri mimi. Soksi ya kijivu sikupata jibu lake.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda kwa Bibi kumpima miguu. Amenipokea kibarazani akiwa na soksi za dukani ndani ya ndala, kama wazee wote wa huku wakati wa kipupwe. Soksi imekunjamana mbele, ukanda wa ndala umeikandamiza katikati ya vidole, na kila hatua mguu unateleza. Kwa umri wake kuteleza si jambo dogo.

“Bibi, nikufumie soksi yenye kidole gumba chake peke yake?”

“Mjukuu wangu, ipo soksi ya namna hiyo?”

Ipo, tena ni ya zamani sana. Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, kuna jozi ya soksi za sufu nyekundu zilizofukuliwa Misri, kwenye makaburi ya mji wa kale wa Oxyrhynchus. Zimekadiriwa kuwa za kati ya karne ya 3 na ya 5. Ncha yake imegawanyika sehemu mbili ili mvaaji aweze kuvaa makubadhi ya ukanda. Aliyezitengeneza alitumia sindano moja yenye tundu na kukokota uzi fundo kwa fundo, mbinu iliyotangulia ufumaji huu wetu. Nimemwonyesha Bibi picha kwenye simu. Ameitazama kwa muda mrefu, kisha akasema aliyezifuma alikuwa na bibi.

Vipimo: mzunguko wa mguu penye upana, sentimita 22. Soksi lazima iwe ndogo kuliko mguu kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi, vinginevyo italegea na kushuka. Kwa hiyo nafuma sentimita 20. Mkono wangu hutoa vitanzi 32 katika kila sentimita 10, basi nianze na vitanzi 64. Napenda hesabu hii. Mguu wa mtu ninayempenda unageuka tarakimu, halafu tarakimu zinarudi kuwa mguu.

Jumamosi, 28 Juni

Siku nzima sokoni kwenye mitumba, natafuta uzi. Uzi wa kufumia unaouzwa madukani hapa mjini mwingi ni wa akriliki. Una rangi nzuri, unafaa kwa kofia na sweta za watoto kwa sababu unafulika bila shida, lakini mguu ukitoka jasho ndani yake hubaki na majimaji. Sufu hunywa unyevu na bado ikahifadhi joto. Kwa miguu ya Bibi nataka sufu, na sufu ya bei ninayoimudu iko ndani ya masweta ya mitumba.

Sweta la kufumua halichaguliwi kwa rangi kwanza. Naligeuza ndani nje nitazame mishono ya ubavuni. Kama vipande vimeunganishwa kwa mnyororo mmoja wa uzi, mshono huo utafunguka na kila kipande kitafumuka mfululizo hadi mwisho. Kama kingo zimekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa mshono wa mashine ya ovaloki, naliacha. Nitapata vipande vifupi vya uzi, safu kwa safu. Lililofuliwa kwa maji ya moto hadi likaganda naliacha pia, kwa maana magamba madogo ya nywele za kondoo yakishashikana hayaachani tena.

Lebo zikiwa zimekatwa, nachomoa uzi kidogo na kuuwasha kiberiti pembeni. Sufu hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake hupondeka kwa vidole. Akriliki huyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Muuzaji amenizoea, siku hizi kiberiti ananiazima yeye.

Nimepata moja la rangi ya hudhurungi, sufu tupu, uzi mwembamba. Nimelifumua usiku huu huku maharage yakichemka. Uzi ulitoka umejikunja wote, bado umeshika umbo la vitanzi ulivyokaa miaka yote. Nimeuzungusha nyuma ya kiti, nikaufunga sehemu nne usije ukachanganyikana, nikauosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo bila kuusugua. Sasa unaning’inia umefungiwa uzito chini, unyooke.

Jumatatu, 7 Julai. Saba Saba

Sikukuu, na nyumba ina watu. Si siku ya shali. Ni siku ya shingo ya soksi, ambayo mikono inaijua yenyewe: vitanzi viwili vya kawaida, viwili vya kinyume, mzunguko baada ya mzunguko. Mbavu hizo ndizo zinazoifanya soksi ivutike wakati wa kuvaliwa kisha ibane.

Sindano zangu ni spoku za baiskeli. Spoku ya kawaida ina unene wa milimita 2, na hicho ni kipimo kinachofaa kabisa kwa soksi ya uzi mwembamba. Fundi baiskeli huikata katikati, huondoa kichwa na sehemu yenye nyuzi za skrubu, kisha mimi nanoa ncha zote mbili kwenye jiwe, napitisha msasa, namalizia kwa kuzisugua na mshumaa. Lazima ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwani kutu ikiingia kwenye sufu haitoki. Spoku tatu zinatoa sindano tano na kipande kimoja cha akiba. Sindano nne zinabeba vitanzi 16 kila moja, ya tano ndiyo inayofanya kazi. Asubuhi ni baridi mno kuzishika, kwa hiyo nazilaza kwanza karibu na jiko.

Wajomba wamebishana habari za bei ya parachichi tangu chakula cha mchana hadi magharibi. Nimesikiliza yote na nimejibu nilipoulizwa, huku shingo ikiongezeka kiganja kizima. Soksi ni kazi ya kukaa na watu.

Nimegundua kwamba kuwa na kazi kadhaa mkononi kunanisaidia kuitumia siku jinsi ilivyo. Shingo ya soksi inaenda nami kwenye basi na kwenye foleni ya zahanati. Kisigino nakihifadhia mchana wa utulivu. Shali ni la Jumapili baada ya ibada, wengine wakiwa wamelala. Ningekuwa na shali peke yake, saa za basi zingepotea. Ningekuwa na soksi peke yake, saa ile nzuri ya Jumapili ningeitumia kwa kazi isiyohitaji saa nzuri.

Jumapili, 20 Julai

Soksi ya mguu wa kushoto imekwisha. Naandika mambo muhimu ili ya pili isinisumbue.

Kisigino: vitanzi 32 tu, nusu ya vyote, kwenda na kurudi safu 32, kila kitanzi cha pili nikikihamisha bila kukifuma. Hapo kitambaa kinakuwa kinene maradufu. Nimeambatanisha uzi wa nailoni wa kushonea kwenye kisigino na kwenye vidole, kwa sababu sufu tupu hutoboka hapo mapema kuliko kwingine. Halafu ile sehemu ninayoipenda kuliko zote: safu fupi fupi katikati, kila moja inakwenda mbele kidogo kuliko iliyotangulia, na kitambaa kilichokuwa bapa kinajikunja chenyewe kuwa kikombe. Nimefuma visigino vingi maishani na bado kila mara naacha kila kitu nitazame.

Baada ya hapo nimeokota vitanzi pembeni mwa kisigino na kuvipunguza taratibu hadi vikarudi 64. Kwenye vidole nimetenga karibu theluthi moja kwa ajili ya kidole gumba, nikaongeza vitanzi vichache vipya pale ukanda wa ndala unapopita.

Wafumaji wa kila mahali wanaujua ugonjwa wa soksi ya pili. Ya kwanza inafumwa kwa shauku, maana hujui itakuwaje. Ya pili unajua kila kitu, na mikono inaanza kutamani rangi nyingine. Safari hii nimepona bila dawa, kwa kuwa soksi yenye kidole haifanani na mwenzake. Soksi ya kawaida inakubali mguu wowote. Hii ya kulia lazima vidole nivifume kwa kugeuza, kidole gumba kikae upande mwingine. Kumbe kinachohitajika ni kuipa ya pili jambo lake la kufikiria. Soksi zijazo za kawaida nitazifuma mbili sambamba, kwa seti mbili za spoku: shingo na shingo, kisigino na kisigino.

Kijana wa jirani ameniuliza kwa nini nisinunue tu, soksi za dukani zinauzwa kwa mafungu. Swali ni la haki. Mashine ya kufuma soksi si ya jana. Mwingereza William Lee aliitengeneza mwaka 1589, akanyimwa hataza na Malkia Elizabeth wa Kwanza, akaipeleka Ufaransa. Mashine imewavika watu wengi sana soksi na mimi naishukuru, hata watoto wangu huvaa soksi zake shuleni. Lakini mashine hufuma kwa ajili ya mguu wa wastani. Bibi hana mguu wa wastani. Mguu wake wa kulia ni mpana kuliko wa kushoto, na soksi ya kulia itaanza na vitanzi 68.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Wenye magari wamekwenda Mbeya kwenye maonyesho ya wakulima. Nyumba imebaki kimya, lakini shali sikuligusa. Leo nimeshughulikia viporo viwili vingine.

Soksi ya kijivu. Kaka alihamishiwa kazi Dar es Salaam, na Dar es Salaam soksi ya sufu ni adhabu. Nimempigia simu, akacheka na kusema nimpelekee vitenge vya pazia. Basi soksi hiyo haisubiri chochote. Kazi isiyosubiri chochote isikae kikapuni. Inachukua nafasi, na kila ukifungua kikapu inakutazama. Nimetafuta ncha pale vidoleni nikavuta. Uzi umetoka mzima, na umenipa wa kutosha kumalizia kidole cha soksi ya kulia ya Bibi, kwani ule wa hudhurungi ulikuwa unaelekea kuisha.

Kitambaa cha Mama ni neno jingine. Mkono wa Mama ulikuwa unakaza sana, wangu unalegea. Nikiendelea, mahali tulipopokezana pataonekana, hata kwa mtu asiyejua kufuma. Kwa muda mrefu nilidhani natakiwa nijifunze kukaza kama yeye, ndipo nianze. Leo naona sivyo. Nikikaza kwa kumwiga, kitambaa kitadai kuwa ni chake chote, na hakitakuwa kweli. Nimeishika sindano yake palepale alipoiacha, nikafuma mzunguko mmoja kwa mkono wangu. Mpaka umeonekana wazi. Umenipendeza.

Jumanne, 19 Agosti

Nimempelekea Bibi soksi zake. Amevaa, akachomeka ndala, akatembea kutoka kibarazani hadi jikoni na kurudi. Ukanda umekaa mahali pake. Kidole cha kulia ni cha kijivu na amekipenda kuliko vyote, anasema sasa hatakosea mguu. Ameniuliza kama naweza kumfumia na shoga yake wa kanisani. Nimemwambia aje na miguu yake nimpime.

Kikapu sasa: sweta bado kwapani, na mke wa mdogo wangu anatarajia kujifungua mwezi wa kumi, kwa hiyo saa yake inakaribia. Shali limeongezeka. Kitambaa cha Mama kinasogea mzunguko mmoja mmoja, kila Jumapili.

Wapo wanaonishauri nimalize vyote kwanza ndipo nianze kingine. Ushauri huo unafaa kwa anayefuma ili auze, mwenye oda na tarehe za watu. Mimi nafuma kwa ajili ya watu wangu, nao hawaji kwa foleni: mmoja anazaliwa, mwingine anahamishwa, mwingine anazeeka miguu ikaanza kuona baridi mapema. Kikapu chenye kazi kadhaa kinanikumbusha wote kwa pamoja. Ninachodai kwangu mwenyewe ni kimoja tu, kwamba nijue kila kazi inasubiri nini, na isiyosubiri kitu niifumue siku hiyohiyo.

Baridi bado ina wiki kadhaa. Kesho napitia kwa fundi baiskeli kuchukua spoku za seti ya pili, nianze soksi za shoga yake Bibi, zote mbili kwa mpigo.