Majina ya Mahame Yasipotee

Ndugu msomaji, je, umepata kumwuliza mzee wako maana ya jina la mahali ulipozaliwa? Mimi sikuuliza hadi nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto.

Nilizaliwa upande wa Shinyanga, mwaka mmoja baada ya Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, ambapo kaya zilizotawanyika zilikusanywa mahali pamoja. Watu walihama na vyombo vyao na mifugo yao. Majina ya mahame yalibaki vinywani mwa wazee tu, na shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Likizo moja nilichukua daftari la mwanangu, nikamwomba anitembeze.

Siku ya kwanza tu alinisahihisha. "Usiandike kama karani," alisema. "Andika kama unisikiavyo." Kwani majina mengi ya kwetu yaandikwayo kwa Mwa-, mfano wa Mwamala na Mwalukwa, sisi Wasukuma huyatamka kwa Ng'wa-, maana yake "kwa fulani". Kwa hiyo nyuma ya jina la kijiji mara nyingi amesimama mtu aliyeishi hapo zamani.

Majina mengine hutaja ardhi yenyewe. Isanga ni udongo wa kichanga. Mbuga ni ule mweusi unaoshika maji, unaofaa mpunga. Mkulima aliyelielewa jina alikuwa amekwisha kupewa nusu ya ushauri. Hata neno Sukuma lenyewe maana yake ni kaskazini, kama Dakama ilivyo kusini.

Baadaye kazi ilinipeleka Geita, kwenye dhahabu, waliko Wazinza pamoja na Wasukuma. Huko kijiji kimoja huandikwa Rwamagasa katika karatasi hii na Lwamgasa katika karatasi ile. Katika mgodi mkubwa wa Geita, shimo moja huitwa Nyankanga, na jingine limepewa jina la Kiingereza, Lone Cone. Nilijiuliza: watoto watakaokuja watajuaje wazee waliitaje ardhi ile kabla ya kuchimbwa?

Tatizo hili si letu peke yetu. Huko Ireland, wapima ramani wa Serikali ya Uingereza waliandika majina ya Kigaeli kwa tahajia ya Kiingereza. Hata hivyo, kuanzia mwaka 1830 msomi John O'Donovan aliajiriwa kuyachunguza, akatembea wilaya kwa wilaya akiwauliza wenyeji matamshi na maana. Daftari zake zinasomwa hadi leo.

Daftari langu halikukamilika. Mahame ya ng'ambo ya korongo tulipanga kuyaendea baada ya mavuno. Shangazi hakuyaona mavuno hayo. Ukurasa ule hauna kitu, na sijampata mtu mwingine wa kuujaza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nakusihi usingoje mavuno. Kaa na mzee wako jioni ya leo, watoto wakiwepo. Andika jina kama linavyotamkwa, maana yake, aliyekueleza na tarehe. Wazee wawili wakihitilafiana, andika maneno ya wote wawili. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari; na jina la kwenu ni mali.