Sura ni Mali ya Mwenyewe

 Huu ni ukurasa wa vitabu vya katuni, vile ambavyo kwetu Kongo tumezoea kuviita BD. Sisi walimu wa kujitolea tulikuwa tumeshaumaliza ukurasa wa mwezi huu. Ndipo jambo moja likatupata darasani, ikabidi tuuandike upya. Mtalikuta mbele. Kwanza kitabu.

Kitabu kinaitwa Madame Livingstone. Kilitoka Ufaransa mwaka 2014. Mchoraji wake ni Barly Baruti, mtoto wa Kisangani aliyezaliwa 1959, na maneno aliyatunga pamoja na Christophe Cassiau-Haurie. Tunayo nakala moja tu, tena jalada limeshikwa na gundi, na darasa lina watoto 60. Basi tunakisoma kwa zamu, vikundi vikundi. Tunafunika maneno kwa karatasi, watoto wanaeleza hadithi kwa kutazama picha peke yake. Halafu tunafunua, tunasoma Kifaransa, tunatafsiri kwa Kiswahili, tunaona nani alikisia sawasawa. Mtoto ambaye kusoma kunamshinda, hapo utamwona anavyonyanyua mkono!

Hadithi ni ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1915, kwenye ziwa letu la Tanganyika. Rubani mmoja wa Kibelgiji anatumwa aizamishe meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Anapewa mtu wa kumwongoza, chotara anayevaa sketi ya Kiskoti na kusema kwamba yeye ni mtoto wa David Livingstone. Ndiyo maana watu wanamcheka na kumwita Madame. Rubani alikuja kutafuta meli, lakini huyo kiongozi wake ndiye anayemfungua macho aione nchi na watu wake.

Sasa wengi wenu meli hiyo mnaijua bila kujua. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam, ikapakiwa reli mpaka Kigoma, ikaundwa upya na kuingia majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Ndiyo hiyo hiyo. Mwaka 1997 iliwarudisha wakimbizi wengi Kongo, na mwaka 2015 iliwabeba ndugu zetu Warundi kutoka Kagunga kuwaleta Kigoma. Tulipowaeleza watoto, kijana mmoja akasema, "Kumbe bibi yangu alipanda kitabu!" Tulicheka wote, lakini ni kweli.

Kosa la kitabu tulisema pia, maana kusifu tu siyo kazi ya ukurasa huu. Hadithi inaanza na macho ya mgeni. Lazima Mzungu afike kwanza ndipo ziwa lionekane, kana kwamba halikuwepo. Hata hivyo mkono wa Baruti tunausifu, na sababu yake waliigundua watoto wenyewe.

Ilikuwa hivi. Kwenye boksi la vitabu vya Kifaransa kulikuwa pia na Tintin au Congo. Hicho Hergé alianza kukichora mwaka 1930, na Kongo hakuwahi kufika. Mwaka 1946 alikichora upya kwa rangi. Sisi walimu kuna ukurasa mmoja unatuhusu. Katika kitabu cha kwanza Tintin anasimama darasani kuwafundisha watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Mwaka 1946 somo hilo likaondolewa, likawekwa somo la hesabu. Ubao ulibadilika, lakini watu hawakubadilika sana. Mwaka 2007 Mkongomani mmoja aliyeishi Ubelgiji alikipeleka kitabu hicho mahakamani Brussels, akisema ni cha ubaguzi, na mwaka 2012 mahakama ikakataa madai yake.

Hatukuwaambia watoto habari hizo za mahakama. Tuliwaacha wasome. Walicheka, maana vichekesho vipo. Halafu msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, huyu ni yule wa ukurasa wa nyuma ama ni mwingine?" Tukatazama. Hatukujua. Midomo ile ile, macho yale yale. Tukaanzisha mchezo wa kuhesabu sura. Fungua ukurasa wowote, hesabu watu, halafu hesabu sura. Kwa Tintin, watu wengi, sura moja. Kwa Baruti, askari huyu ana mashavu, yule mpagazi ni mzee wa ndevu, kila mtu na pua yake. Tangu siku ile hicho ndicho kipimo chetu cha kwanza tunapotoa maoni juu ya BD yoyote.

Tukajiona tumeshinda. Basi wiki iliyofuata tukawaambia watoto wachore siku ya mgao, foleni ya unga na maharage. Walichora vizuri, mstari mrefu kabisa, magunia, mizani, mti wa kivuli. Tukahesabu sura. Mwee! Duara, nukta mbili, mdomo wa mstari. Duara, nukta mbili, mdomo wa mstari. Watoto wetu wamewachora wazazi wao vile mtu wa mbali anavyotuchora, wakimbizi mia moja na sura moja. Tulinyamaza kidogo. Nani aliwafundisha hivyo? Labda mabango. Labda hata sisi, tunaposimama mbele na kusema "wakimbizi" badala ya kutaja jina la mtu.

Tukawaambia warudie, kila mmoja achore mtu mmoja anayemjua, ndani ya foleni ile ile. Yule msichana wa lile swali alimchora mama yake. Kitambaa kimefungwa upande, pengo la jino, mkono mmoja kiunoni kama anayemwambia mpimaji asipunje. Darasa zima likataja jina lake kwa pamoja. Tukaibandika picha mlangoni, kila apitaye anasimama. Tukapanga kuichapa hapa, katika ukurasa huu.

Siku ya tatu jioni mama mwenyewe akaja. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akaitazama picha muda mrefu, akatusalimia, akasema:

"Walimu, minawaomba, ile picha muitoshe."

Tukamweleza kwamba ni nzuri, kwamba binti yake ana kipaji, kwamba itaingia kwenye jarida.

"Najua ni muzuri. Ni mimi kabisa. Ndiyo maana naomba. Mimi nilikimbia watu wenye wananijua sura."

Tulikosa la kusema. Jarida hili linasomwa huku na huku, linapigwa picha kwa simu, linavuka ziwa kabla ya sisi kumaliza kuligawa. Hilo hatukuwa tumelifikiria hata kidogo. Tulibandua picha, tukampa. Aliikunja mara nne, akaifunga kwenye ncha ya kitenge pale anapofunga pesa. Alipofika njiani akageuka, akasema, "Lakini mutoto aendelee kuchora."

Wapenzi wasomaji, usiku ule tulijadiliana mpaka taa ikaisha chaji. Mwenzetu mmoja alisema basi turudie duara na nukta mbili, kuna usalama. Mwingine akakataa, akisema tukifanya hivyo tumekubali kwamba sisi hatuna sura. Wote wawili walisema kweli. Kumnyima mtu sura ni kumdharau. Kuitoa sura yake bila kumwuliza ni kumwibia.

Njia tuliipata kwa mchoraji mwingine wa Kongo, Pat Masioni. Huyu ni mwenzetu hasa, kwa sababu yeye mwenyewe aliikimbia nchi na kupata hifadhi Ufaransa mwaka 2002. Mwaka 2005 kilitoka kitabu alichochora, Rwanda 1994, juu ya mauaji ya kimbari. Baadaye alichora baadhi ya matoleo ya Unknown Soldier, BD ya Marekani inayoeleza vita vya kaskazini mwa Uganda, katika nchi ya Waacholi. Mambo yaliyotokea ni ya kweli, uchungu ni wa kweli, lakini watu wanaotembea ndani ya hadithi ni wa kutungwa. Wana sura kamili, ila sura hiyo si ya jirani yako.

Basi tukarudi darasani, tukatunga mama ambaye hayupo. Mmoja alitoa kitambaa, mwingine mashavu ya shangazi yake aliyebaki Uvira, mwingine kandambili zisizofanana rangi. Yule msichana alichora mkono kiunoni. Huo aliomba ruhusa nyumbani, akapewa.

Kabla hatujaaga, habari za wachoraji. Tamasha kubwa la BD la Angoulême, Ufaransa, halikufanyika Januari 2026. Waandishi na wachoraji wengi walilisusia wakilalamikia uendeshaji wake, na mwishowe likafutwa. Hapo ndipo mwaka 2006 Aya de Yopougon, kitabu cha Marguerite Abouet wa Côte d'Ivoire na mchoraji Clément Oubrerie, kilipata tuzo ya albamu ya kwanza. Hicho ni cha wasichana, mapenzi na vichekesho vya mtaani Abidjan, hakuna vita ndani yake. Mwenye nakala tunamwomba atuazime, tutairudisha safi.

Kuanzia toleo hili, picha yoyote ya mtu anayejulikana haitachapwa katika ukurasa wetu kabla mwenyewe hajaiona na kukubali. Watoto nao tumewaambia hivyo hivyo. Na huyo mnayemwona hapa chini kwenye foleni, msimtafute, hayupo. Mpaka sasa watu watano wamekuja kutuambia wanamjua.