Mwalimu Anapoombwa Agombee

Ndugu msomaji, zunguka Nyeri, Karatina, Kerugoya hadi Embu na utagundua kwamba katika miji hii ya Mlima Kenya mwalimu hastaafu. Atakaa miaka kumi bila kushika chaki na sokoni bado ataitwa "mwalimu". Kanisani atapewa uweka hazina. Shule ikikosa mwenyekiti wa bodi, watu watamtazama yeye. Akishaketi hapo na madarasa yakapata mabati mapya, wazee huanza kumnong'oneza: "Mwalimu, mbona usigombee kiti?"

Jambo hili si geni. Marehemu Jeremiah Nyagah alikuwa mwalimu kabla ya kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1958, akiwakilisha Nyeri na Embu. Hakuiacha siasa hadi 1992. Huyo ndiye mfano ambao wazee hupenda kuutaja.

Mimi nakuomba umkumbuke mwingine. Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe huko Tetu, alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mkuu wa idara, tena akiliongoza Baraza la Kitaifa la Wanawake. Mwaka wa 1982 kiti cha ubunge kilipobaki wazi kwao Nyeri, aliamua kugombea. Sheria ilimtaka ajiuzulu kwanza, naye akajiuzulu. Kisha akaambiwa hafai kuwa mgombea, eti kwa sababu ya kasoro katika kujiandikisha kwake kama mpiga kura. Aliporudi chuoni akaelezwa kwamba nafasi yake imekwisha kujazwa. Hata nyumba ya chuo ilibidi aihame.

Hebu tafakari, msomaji. Mama wa miaka 40 na ushei, mwenye shahada ya uzamifu, hana kazi, hana nyumba, na jina lake halikufika hata kwenye karatasi ya kura! Ni kweli kwamba aliigeukia miti kwa nguvu zake zote, na dunia nzima ikamjua. Lakini bunge aliliingia mwaka wa 2002, wakati Tetu ilipompa asilimia 98 ya kura. Hiyo ni miaka 20 baadaye, na katikati yake kuna kushindwa vibaya katika kinyang'anyiro cha urais mwaka wa 1997. Hata Tuzo ya Nobel ya 2004 haikumkinga: mwaka wa 2007 alikipoteza kiti hicho hicho cha Tetu.

Mwalimu aliye kazini hata leo hana njia ya mkato. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 humtaka mtumishi wa umma ajiuzulu miezi sita kabla ya kura. Kwa uchaguzi wa Agosti 9, 2022, siku ya mwisho ilikuwa Februari 9. Nusu mwaka bila mshahara, na mabango ya kulipiwa! Wanaomsukuma mwalimu uwanjani hawatajii gharama hiyo. (Na ndio hao hao watakaomuuliza kwenye mkutano, "Umetuletea nini?")

Shangazi yangu, mwalimu mstaafu viungani mwa Karatina, hana kazi ya kujiuzulu. Ana pensheni, ng'ombe wawili na uenyekiti wa bodi ya shule ya upili. Sasa akina mama wa sokoni wanamtaka awanie uwakilishi wa wadi. Wajomba wamekwisha kuanza kuhesabu kura. Nilipomuuliza ataanzia wapi kupata fedha za kampeni, alinyamaza kidogo, kisha akasema pengine atauza ng'ombe mmoja.

"Na wa pili?"

"Wa pili ni wa karo ya mjukuu. Huyo haguswi."

Bado hajawapa jibu. Tangu moto wa Septemba 2024 uwaue wanafunzi 21 katika shule ya Hillside Endarasha, kule Kieni, kila mkutano wa bodi yake huanza na mabweni: madirisha, vitasa, nani ana ufunguo usiku. Ameniambia atafikiria habari za kura baada ya mlango wa pili wa bweni kukamilika.