Utafiti Usiorudi kwa Wenyewe

Kila nisafiripo kutoka Kitengela, ninakoishi, hadi Kajiado, hukumbuka swali la mwalimu mmoja mstaafu wa mji huo. Yeye ni miongoni mwa wanaojitolea kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo iliyoanzishwa mwaka 2003. Nilipata kumhoji, kisha nikayachapisha matokeo kwa Kiingereza katika jarida la ng'ambo lisomwalo kwa malipo.

"Daktari," aliniuliza baadaye, "uliandika nini kutuhusu?"

Sikuwa na jibu ila jina la jarida.

Sisi wa fasihi simulizi twaijua dhambi hii: mtafiti huichukua ngano ya fanani, akaenda zake. Tasnifu na makala kuhusu waandishi hawa nazo zimetawanyika vivyo hivyo, mbali na wanaozungumziwa.

Hatimaye niliifasiri makala yangu, nikampelekea. Humo nilitaja mashindano yaliyoandaliwa na Google mwaka 2009 kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, nikahitimisha kwamba wanaojitolea huvutwa na tuzo. Mzee alichukua kalamu, akaikata sentensi hiyo na kuandika pembeni: "Tuzo zilikwisha, sisi tungali twaandika."

Mhakiki wa jarida hakuliona kosa hilo. Kwa hiyo, napendekeza kila mtafiti wa jumuiya hii aweke muhtasari wa Kiswahili mahali ambapo wahusika watausoma bila malipo, na kuusahihisha. Kuwashirikisha si hisani kwao. Ni sehemu ya utafiti wenyewe.