Kwa Baiskeli Kando ya Mifereji ya Ruzizi



Sisi wa Bukavu ni watu wa milima. Kutoka Kadutu kushuka ziwani, au kutoka Nguba kupanda mjini, magoti yetu yanajua. Ndiyo maana kwetu pikipiki ni nyingi na baiskeli, au kinga kama wengi wetu tunavyosema, ni chache. Mtoto wa Bagira anaweza kumaliza masomo ya msingi bila kupanda baiskeli hata siku moja. Lakini jimbo letu lina nchi tambarare pia, wala si mbali. Ni uwanda wa Ruzizi, unaoanzia Kamanyola na kuishia Uvira.

Katika likizo kubwa tulishuka huko watano, walimu wawili na wamama watatu wa kikundi chetu, tukautembea uwanda huo kwa baiskeli siku tatu, bila haraka. Tunawaandikia tuliyoyaona, maana tumerudi na neno la kuwaambia.

Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu, kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari, unaingia Ziwa Tanganyika kwenye mita 770 hivi. Sehemu kubwa ya mteremko huo iko juu ya Kamanyola, na ndiko yalikojengwa mabwawa yanayotupa umeme. Gari letu lilipita Nyangezi, likashuka kona za Ngomo polepole, na tulipofika chini joto likatupokea, masweta yakaingia kwenye mifuko. Kutoka Kamanyola unaona nchi tatu kwa macho: yetu, Rwanda na Burundi. Mbele yako ardhi inalala sawa kama meza. Upande wa magharibi ni milima, upande wa mashariki ni mto.

Tulikodi baiskeli tatu sokoni. Zote zilikuwa za kiume, zenye chuma kile cha katikati, kwa hiyo tulivaa suruali chini ya vikwembe. Wawili wetu hawakujua kuendesha, wakakaa nyuma kwenye keria. Tulipotoka sokoni watoto walitukimbilia wakicheka: "Wamama wako naendesha kinga!" Wazee wengine walisimama kutuangalia. Hakuna aliyetutukana.

Mtu anayepita uwanda huu kwa gari haoni mifereji. Anaona vumbi na malori tu. Ukiwa juu ya baiskeli unasikia maji kabla ya kuyaona. Mito inashuka kutoka milimani, na wakulima wanaikata kwa mfereji mkuu. Mfereji mkuu unazaa mifereji midogo, na kila mdogo una kamlango ka mbao au ka udongo kanakofunguliwa kwa zamu. Mashamba mengine ya huku yalipimwa tangu miaka ya 1950, wakati Wabelgiji walipowapanga wakulima kwenye viwanja ili walime pamba. Siku hizi ni mpunga, mahindi na mihogo. Huku mvua ni chache kuliko kwetu milimani, na wakati wa kiangazi mfereji ndio unaoweka mpunga hai.

Ukingo wa mfereji ni njia nzuri ya baiskeli. Udongo umekanyagwa ukawa mgumu, hakuna kilima, hakuna lori. Pale penye mfereji tulifuata ukingo, na pale ulipokwisha tulirudi barabarani. Tulisimama tulipotaka, tukala mhogo wa kuchoma na ndizi, tukasalimiana na watu. Kwa saa moja tulikuwa tumesikia Mashi, Kifuliiru, Kirundi na Kiswahili.

Siku ya pili, mbele ya Luvungi, tulikutana na mama mmoja anatoka shambani. Alikuwa na gunia la mpunga mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mtoto mchanga kifuani. Mbele yake, mbali kidogo, bwana wake alikuwa anasukuma baiskeli tupu. Tulisimama kumsalimia mama, na mmoja wetu akamuuliza kwa upole kwa nini gunia halikai kwenye keria. Alicheka, akajibu: "Kinga ni ya baba, muzigo ni ya mama."

Tulicheka pamoja naye, lakini kwenye njia tulinyamaza muda mrefu. Kwetu Bukavu tunasema mama anabeba mgongoni kwa sababu ya milima. Hapa mlima haupo. Ardhi ni sawa, baiskeli ipo, na bado mgongo ni ule ule wa mama. Basi tatizo si njia, ni desturi. Na desturi inaweza kuzungumzwa.

Tusiseme kwamba akina baba wa uwanda ni wabaya. Wengi wanatumia baiskeli kupeleka mchele sokoni na kumpeleka mgonjwa kwenye kituo cha afya. Bwana yule yule, tulipozungumza naye, alikubali gunia liwekwe kwenye keria, tukalifunga kwa mpira. Alisema hakuna aliyewahi kumwomba.

Tulifika Sange jioni. Mnakumbuka tarehe 2 Julai 2010: lori la mafuta lilianguka hapo, likashika moto, na watu zaidi ya 200 wakafa, wakiwemo watoto wengi. Tulishuka kwenye baiskeli, tukaomba kimya. Ndugu zetu, barabara kubwa ina malori, na anayekwenda kwa miguu au kwa baiskeli hana ukuta wa kumkinga. Kama kuna njia ya pembeni, mfundisheni mtoto njia hiyo.

Siku ya tatu tulipita Kiliba. Kiwanda cha sukari kilichojengwa hapo miaka ya 1950 kilisimama vita ilipofika mwaka 1996, na wazee wanakikumbuka kama mtu anavyomkumbuka ndugu aliyewalisha. Baada ya Kiliba hewa ilibadilika, tukaona Tanganyika. Uvira tulikula ndagala na ugali, tukalala kama watoto.

Jambo moja hatujalisema. Wale wawili waliokaa kwenye keria siku ya kwanza, siku ya tatu walikuwa wanaendesha wenyewe. Walijifunza kwenye ukingo wa mfereji, mmoja akishikwa kiti kwa nyuma, wasichana wa kijiji wakipiga makofi. Mmoja wao ana wajukuu. Aliposhuka alisema: "Miaka yote hii nilifikiri ni kazi ya kiume, kumbe ni kazi ya miguu tu."

Sisi walimu tunaiona hesabu hii kila mwaka. Msichana anayekaa mbali na shule anaamka kwanza, anachota maji, anafagia, kisha anatembea. Anafika amechelewa na amechoka. Akifika kwenye sekondari, ambako shule ziko mbali zaidi, anaacha. Huko India, katika jimbo la Bihar, nchi tambarare yenye mito na mashamba ya mpunga kama huku, serikali ilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wanaoingia darasa la tisa fedha za kununua baiskeli. Wachunguzi waliopima baadaye waliona wasichana wanaoingia sekondari wameongezeka karibu theluthi moja. Tena hao wasichana walikwenda shule kwa makundi, na watu wa vijijini wakazoea kuwaona.

Tunajua maneno yanayosemwa. Eti msichana akipanda baiskeli atapoteza ubikira, eti hatazaa. Wamama, hakuna ukweli ndani yake. Baiskeli haiharibu tumbo la uzazi. Gunia la kilo hamsini mgongoni kila siku ndilo linaloumiza mwili wa mwanamke, nalo hakuna anayelikataza.

Basi neno letu kwa vikundi ni hili. Nyinyi mlio na ndugu kwenye uwanda, Kamanyola, Luvungi, Luberizi au Sange, zungumzeni nao. Kikundi chenye likelemba au AVEC kinaweza kununua baiskeli moja ya wote. Iwe na keria imara, na iwe ile isiyo na chuma cha katikati ili mama mwenye kikwembe aipande bila taabu. Wekeni zamu kama zamu ya maji kwenye mfereji: leo mama huyu anapeleka mpunga kinuni, kesho mwingine anapeleka mtoto kupimwa uzito. Anayeitumia achangie kidogo kwa ajili ya matairi na mnyororo. Asubuhi za masomo iwe ya wasichana. Na sisi wa milimani, mtoto akipata nafasi ya kujifunza kwenye uwanja wa shule au wa parokia, msimpe kaka peke yake.

Kama mtapenda kushuka wenyewe, kwanza ulizeni habari za njia kwa watu wanaotoka huko siku hiyo hiyo. Usalama wetu unabadilika, na safari ya furaha haina haja ya kulazimishwa. Nendeni wakati wa kiangazi, anzeni alfajiri kabla ya jua kali, chukueni maji ya kunywa, kofia, mpira wa kuziba na pampu. Laleni chini ya chandarua, maana malaria ya bonde ni kali kuliko ya kwetu. Na watoto wasiogelee kwenye mifereji hata kama maji yanapendeza, kwa sababu maji yanayotembea polepole yanaweza kuwa na konokono wa kichocho.

Kikundi kitakachonunua baiskeli ya kwanza kituletee habari: nani aliipanda, ilibeba nini, akina baba walisema nini. Tutaziandika hapa, ili na wengine wajifunze.